Bata wa Baba na Birika la Ubatizo

Jeptoo uko?? Aki nimejifungia chooni, nacheka hadi machozi.

Unajua vile Baba hujisifu ati yeye ndiye alileta ufugaji wa bata Lodwar mwaka wa sabini na sita? Mzee Lokorio, aliyefanya kazi naye, ametoboa siri leo mezani. Mbele ya wakwe zangu!

Bata thelathini. Ofisa wa mifugo Opondo, yaani Baba mwenyewe, aliwafungia ndani ya waya, akiwanenepesha kwa Krismasi ya wakubwa wa kule Kakuma. Maji? Kopo moja la kunywa, hata kichwa hakiingii. Macho yakajaa tongo, manyoya yakanuka. Opondo akasema bata wa nyama haogi, yeye amesomea.

AMESOMEA!

Jumapili bata wakapenya waya. Wakaandamana mpaka kanisani, wakajitosa kwenye birika la ubatizo. Pasta ameshika Biblia, watu wamevaa nyeupe, na bata wanapiga mbizi!!

Opondo akaingia na suti yake kuwakamata. Akeno, mama aliyekuwa abatizwe wa kwanza, akamvuta kola: "Wewe, toka. Wacha hawa waoge kwanza. Wamengoja maji kuliko sisi."

Na kanisa zima likangoja bata waoge.

Sasa Baba ameinuka tu, akachukua ndoo, akaenda kuongeza maji kwenye dimbwi la bata wake.

Lile dimbwi, Jeptoo. Lile nililolichotea maji utoto wote, na sisi watu sita tukiogea karai moja.