Mkono wa Kulia

Mama Upendo,

Kamwene. Najua huitikii, ila ulinifundisha kuwa mtu haingii chumba cha kazi cha mwenzake bila salamu. Nami nimeingia chumba chako, nimekalia kigoda chako, na mbele yangu kwenye sahani kuna kitu ambacho ungekikuta ungenigombeza. Nitakifikia. Niache nianzie mbali kidogo, maana nikianza nacho nitalia na barua haitaandikika.

Chumba kiko vilevile. Treni ya asubuhi bado ikipita hapa Makambako vikombe vinagongana kabatini, na mimi bado nainua brashi juu hadi ipite, kama ulivyokuwa unafanya, hata siku ambayo sina sanamu yoyote ninayoipaka. Kifuko chako cha mchele mkavu bado kimo ndani ya boksi la kukaushia, kinanyonya unyevu. Aproni yako iko msumarini. Sijaifua. Simu yako ya kazi ninayo mimi, na wateja wakipiga nikawaambia ni Tabitha, wanakaa kimya kidogo kabla ya kutaja keki wanayoitaka. Ningependa kukwambia nimekizoea kimya hicho. Sijakizoea.

Habari kubwa ni kwamba Upendo wako tumemfanyia sendofu, tumemuaga kabla ya harusi yake, Jumamosi iliyopita, kule nyumbani Njombe. Mwezi mmoja kabla alikuja hapa, akakaa ukingoni mwa meza, na kwa sauti yako ile ile ya kutoa amri akasema, "Juu ya keki sitaki bibi harusi. Namtaka mama." Nikamwambia nitajaribu. Alipotoka nilifunga mlango, nikashika tama mpaka chai ikapoa.

Unajua nilichokiogopa. Unamkumbuka bibi harusi wa kwanza uliyeniachia nimfinyange kwa sukari peke yangu, yule binti wa muuza mbao? Mweusi wa kung'aa, na mimi kwa akili zangu nikampaka rangi ya chai ya maziwa, nikidhani ninampendezesha. Uliitazama ile sanamu, ukaiweka pembeni taratibu, ukasema, "Huyu ni nani? Umemtukana mwenzio mbele ya wageni wake." Kisha ukanikalisha, ukanionyesha: kahawia kwanza, tone la nyekundu, tone la bluu ambalo sikuamini kama lina kazi yoyote kwenye ngozi ya mtu. Tabaka jembamba, unasubiri likauke, unapaka tena, na kwenye vifundo vya vidole unazidisha kidogo. Ulinirudisha mara nne. Nilikuchukia siku ile. Lakini siku ya harusi yule binti alipojiona juu ya keki alinyoosha mkono akajigusa shavu lake mwenyewe.

Sasa wewe nikupake rangi gani? Ile ya siku zote, au ile ya hospitalini Ikonda, ngozi ilipokuwa imepauka? Nilifinyanga uso wako mara tatu. Wa kwanza ulikuwa wa mtu mwingine kabisa. Wa pili ulifanana na picha iliyowekwa kanisani juu ya jeneza, nikaufinya kiganjani haraka kabla sijauzoea. Wa tatu ulikuwa wa mgonjwa. Hapo nikagundua jambo la aibu: miaka sita tumekaa chumba kimoja na uso wako sikuutazama sana. Meza yako iko dirishani, yangu iko nyuma yako. Niliyekuwa namtazama siku zote ni mtu aliyeinama.

Basi nikaufinyanga mgongo. Sweta la kijani lenye kiwiko kilichofumuka, kamba za aproni na lile fundo lako la ovyo, kilemba kimeelekea mbele, bega la kulia limeshuka kuliko la kushoto. Ndani nikaweka tambi mbichi ziwe mifupa. Kwenye hilo ulikuwa mkali. Mafundi wengine waweke waya na plastiki wakitaka, kwako wewe kitu kinachokaa juu ya keki lazima kilike, la sivyo ni kudanganya watu. Kwenye sukari nikakamua limau, kama unavyopenda, ili utamu usichoshe. Uso upo, lakini umeinamia kazi, na mkono wa kulia umeshika brashi ya tambi. Mkono huo ndio uliokula muda wangu. Siku mbili nzima kwa kitu kisichozidi punje ya karanga. Na rangi yake, usiniulize nimeipataje, ilikuja yenyewe.

Wifi yako alipopata habari alikuja juu. Aliuliza kama sasa tunataka kuwalisha watu marehemu. Baba Upendo hakusema kitu, unamjua. Mwishowe wakakubaliana kwamba sanamu ikae juu ya keki watu waione, kisha iende kwenye kabati la vioo sebuleni, pamoja na vyombo vya wageni. Nikakubali. Ulishanifundisha vingine, lakini niseme ukweli tu, nilifurahi. Nilitaka ukae mahali ambapo ningeweza kuja kukuona.

Tulitoka hapa asubuhi, ukungu umetanda barabara nzima mpaka Njombe, boksi nimelipakata na kila kona namsihi dereva apunguze. Ukumbini walikuwa wamewasha majiko ya mkaa kwa ajili ya baridi. Ulipotoka kwenye ubaridi ukaingia kwenye joto, sukari ikaanza kutokwa jasho mgongoni, sawasawa na wewe siku ya oda tatu. Nikawa nakupepea kwa kadi ya mwaliko. Hapo ndipo Baba Upendo alipokuja, na suti ile aliyovaa kwenye kipaimara cha Upendo, akasimama nyuma ya keki. Watu wote waliotangulia walizunguka mbele kutafuta uso. Yeye hakuzunguka. Alitazama mgongo kwa muda mrefu, akasema kwa sauti ndogo, "Mwacheni amalize kazi," kisha akaenda kukaa.

Muda wa kukata keki ulipofika, Upendo hakushika kisu. Alikuinua wewe. Mshereheshaji akasahau maneno yake, na wifi yako akasimama kule alikokuwa. Upendo akasema bila kipaza sauti, "Mama alitaka kazi yake iliwe." Akavunja kipande cha aproni, akamlisha baba yake. Akamfuata shangazi yake. Wifi yako alikuwa analia mpaka machozi yanaingia kwenye kola, lakini alifungua mdomo. Kisha Upendo akaniita mimi mbele ya ukumbi mzima, akavunja mkono wa kulia, akanipa.

Sikuula, Mama Upendo. Niliuviringisha kwenye karatasi laini, nikasema nitaula baadaye.

Na sasa nifike pale ninapopakwepa tangu mwanzo wa barua hii. Siku ya mwisho niliyokuja Ikonda, nesi alikuletea ugali na maharage. Hukuweza kula, lakini vidole vyako vilichukua tonge vikaanza kazi vyenyewe. Ukanifinyangia kifaranga. Mikono ilikuwa inatetemeka, mdomo wa kifaranga ukaenda upande, lakini alikuwa kifaranga hasa, mpaka nesi akacheka. Ukaniwekea kiganjani, ukasema, "Kula."

Nikasema nitamla njiani. Nikamtia mfukoni mwa koti. Sikutaka kumla, nilitaka kubaki naye. Nilipofika Makambako alikuwa makombo matupu, yamechanganyika na nyuzi za koti, nikayakung'uta nje pale mlangoni. Kesho yake ukanipigia simu, na kitu cha kwanza ulichouliza ni kama nilikula. Nikasema nilikula. Ukacheka, ukanipa pole kwa kumeza kifaranga bila mboga.

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya mwisho, na kwa upande wangu yalikuwa uongo. Sijamwambia mtu. Msibani watu walinisifu jinsi nilivyokuwa karibu nawe, na mimi nilikuwa nimevaa koti lile lile.

Leo mchana nimeufungua mkono wako kutoka kwenye karatasi. Brashi imekatika na kidole cha mwisho kimeanza kulainika. Mvua zimeshaanza, na unaujua unyevu wa chumba hiki. Hata mchele wako hautausaidia. Nikiuacha wiki mbili utakuwa uji wa kahawia, na mimi nitakuwa nimekupoteza mfukoni kwa mara ya pili. Huo ndio mkono ulioko kwenye sahani.

Sina ahadi kubwa. Sitatia waya ndani ya sanamu ya mtu. Sitampaka mtu rangi isiyo yake, hata akiniomba. Mteja akitaka kuiweka kabatini nitamwambia ulichokuwa ukisema, kisha aamue mwenyewe. Aproni nitaifua kesho. Na kigoda hiki nitakikalia siku zote, sio leo peke yake, ingawa dirisha lake linaleta baridi na sasa naelewa kwa nini hukulivua lile sweta.

Pumzika, Mama Upendo. Kazi umeimaliza. Mumeo bado anakaa kimya, Upendo anaondoka kwenda kwake mwisho wa mwezi, na huku kwetu tunakutaja kila siku, mara nyingine kwa kucheka. Subiri kidogo, naweka kalamu chini.

Nimerudi. Nimekula. Limau lilitangulia, halafu sukari, halafu tambi ikavunjika chini ya jino. Nimelia sana, lakini nimemeza. Ukiniuliza safari hii, jibu ni la kweli.

Fundi wako,
Tabitha