Ni Fe, Baba

Jumapili, Machi 2006. Kingsbury, London.

Jua limetoka leo, lile jua la hapa la kutazama tu, ukitoka bila koti unajuta. Nilijimiminia chai nusu saa iliyopita, imepoa, imefanya utando juu, sijaigusa. Ngoja niandike kabla moyo haujatulia.

Nimefurahi. Nimefurahi mpaka naona aibu.

Lakini kwanza niungame, kwa sababu kuna jambo sijawahi kuliandika humu. Blogu hii inasomwa na dada zangu wawili na mtu mmoja wa Norway ambaye simjui. Huyo wa Norway hana shida. Hofu yangu ni dada zangu, maana wakilijua wao, Baba atalijua kabla ya chakula cha jioni. Jamani, nawaomba safari hii mniachie nimwambie mwenyewe.

Tangu Januari naimba opereta.

Opereta ni mchezo wa jukwaani wa kuchekesha, ambao watu wanaimba kuliko wanavyosema. Kila Jumanne tunakutana kwenye ukumbi ulio nyuma ya kanisa ninakosali, watu ishirini na kitu, wengi wao wastaafu. Anayetuongoza ni Margaret, aliyekuwa mwalimu wa muziki, mama wa miaka sabini anayevaa miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kichwani, na bado anauliza miwani yake iko wapi. Alinisikia nikiimba ibadani akanifuata mlangoni. Sauti ya pili walikuwa wamebaki watatu, na mmoja wao alikuwa na kikohozi kisichopona.

Nilikubali palepale. Wiki nzima nawaogesha na kuwalisha wazee kwenye makao yao kule Stanmore, na nawapenda, lakini Jumanne ni yangu. Pale ukumbini nacheka mpaka mbavu zinauma.

Mtunzi wa mchezo wetu ni Mwingereza wa karne ya kumi na tisa. Mwanzoni mwa kitabu kuna picha yake, masharubu yamefunika mdomo wote, kwa hiyo sisi tunamwita Masharubu. Margaret anasema alikuwa na madroo mawili mezani kwake, moja la kanisa na moja la jukwaa. Alitaka akumbukwe kwa nyimbo za kanisani. Watu wakapanga foleni kuona michezo yake ya kuchekesha, na hilo lilimuudhi mpaka anakufa.

Sasa, kwa nini nilimficha Baba. Baba yangu ni mwalimu wa kwaya kule nyumbani Muheza, yapata miaka arobaini sasa. Kwake yeye wimbo ni wa kanisani, na mwingine wowote ni wa kilabuni. Mwanakwaya mmoja aliwahi kuonekana akiimba na bendi ya jazi kwenye harusi, akasimamishwa miezi mitatu. Ilikuwa harusi ya kakake mwenyewe. Ningeanzaje kumwambia mzee huyo kwamba bintiye anaimba kama mke wa mlinzi mlevi?

Maana ndiyo nafasi yangu. Katika mchezo wetu kuna walinzi wa mji wanaolewa zamu ikiendelea. Wake zao wanakuja kuwavuta nyumbani, wanaonjeshwa kidogo, basi wote wanaishia kuimba wakiomba kikombe kingine. Ni wimbo wa kasi, wenye kwikwi ndani yake, na kila mtu anayumba.

Jumanne iliyopita ndiyo tuligawiwa wimbo huo.

Mimi sikufundishwa kusoma muziki wa mistari mitano. Sisi kwetu ni solfa: do, re, mi, fa, herufi zimepangwa kwenye karatasi, basi. Kwa hiyo kila nikipewa karatasi za Margaret nakaa pembeni na penseli, naandika herufi zangu chini ya kila nota, moja baada ya nyingine. Wenzangu wananitania kwamba naandika dawa. Jumanne niliandika mstari wa kwanza, nikaandika wa pili. Nilipofika wa tatu nikaona mdomo wangu umeanza kuimba wenyewe, taratibu sana, na maneno yaliyotoka yalikuwa ya Kiswahili.

Ulikuwa Mia na Arobaini.

Kwetu wimbo unaitwa kwa namba yake kitabuni, na Mia na Arobaini ni wimbo wa Meza ya Bwana. Unaimbwa watu wamepiga magoti, macho yamefumbwa, na Baba hataki hata mtu akohoe. Nimeuimba tangu sijui kusoma. Bibi yangu alizikwa kwa wimbo huo. Na sasa hapa mbele yangu walevi walikuwa wanaomba wajaziwe!

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Margaret alidhani nimepatwa na kitu. Nilipomweleza, akapiga makofi kama mtoto. Akasema Masharubu aliutunga ujanani kwa ajili ya kanisa alikopiga kinanda, halafu miaka mingi baadaye mwenye jukwaa akambana, muda umekwisha, naye akaenda kwenye droo la kanisa, akautoa, akaukimbiza, akawapa walevi. Mapadri wengine walimwandikia barua za hasira.

Kisha nikatazama tena ule mstari wa tatu. Kicheko kikaniisha.

Niliandika *so, fe, so*. Niliandika fe kwa sababu kwenye karatasi, mbele ya ile nota, palikuwa na ile alama iliyofanana na nondo za dirisha, inayomaanisha pandisha nusu. Fe ni fa iliyopandishwa nusu; kwenye karatasi zetu fa huandikwa f tu, na fe huongezwa e. Tofauti yake ni ndogo hivi, na tofauti hiyo ndogo ndiyo iliyovunja kwaya yetu.

Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Kitabu cha solfa cha kwaya kilikuwa kimechakaa, kwa hiyo Baba alikaa wiki mbili akinakili nyimbo zote kwa mkono kwenye stensili, zikadurufiwa, kila mmoja akapata nakala yake. Tulijiona matajiri. Mazoezi ya kwanza tulipofika Mia na Arobaini, mstari wa tatu, sauti ya pili, Mwalimu Elieza akainua mkono. Mwalimu Elieza ndiye aliyekuwa msaidizi wa Baba, na walikuwa chanda na pete. Walisoma pamoja, walioa mwaka mmoja, na watoto wake walilala kwetu kama kwao. Akasema kwa upole kwamba Baba ameruka herufi. Hapa ni fe, karatasi imeandikwa fa.

Baba akasema hakuruka kitu. Wakaenda kukitafuta kitabu cha zamani. Tangu kinakiliwe kilikuwa kimewekwa stoo, mchwa wamekula kurasa za katikati, na Mia na Arobaini ilikuwemo humo.

Basi Baba akanigeukia mimi, mbele ya kwaya nzima. "Edina, wewe umeimba sauti ya pili na mama yako tangu mdogo. Ni fa au fe?"

Nilijua ni fe. Nilikuwa na uhakika kama ninavyolijua jina langu.

Nikasema, "Fa."

Mwalimu Elieza alikunja karatasi zake, akaziweka juu ya benchi, akatoka. Hakuhama kanisa. Alikuja kila Jumapili, akakaa benchi la mwisho karibu na mlango, na hakuna mtu aliyemwona akifungua mdomo kuimba tena. Yeye na Baba walibaki na salamu tu, za njiani. Miaka kumi na minane sasa. Na mimi nimeishi na fa yangu hiyo mpaka London.

Jumatano kazini nilikuwa sijijui. Mara nacheka peke yangu, mara machozi yananilenga. Mama Furaha, mwenzangu wa shifti, Mkongomani wa Bukavu, alinitazama nikikunja shuka moja mara tatu. "Dada, leo uko na furaha mingi, halafu unalia. Kuko nini?" Nikamwambia ni mambo ya nota moja. Akatikisa kichwa, akaninyang'anya shuka.

Niseme ukweli wote: nilikuwa bado natafuta mlango wa kutokea. Nikajiambia, huu ni wimbo wa walevi, huenda Masharubu aliubadilisha alipoukimbiza. Huenda ule wa kanisani una fa kweli, Baba yuko sawa, na mimi nilidhani nadanganya kumbe nilisema kweli. Nikamwomba Margaret anitafutie ule wa kanisani. Akasema anacho, kiko ndani ya sanduku chini ya kitanda chake.

Leo baada ya ibada akanikabidhi. Kitabu kizito, kimechapwa Masharubu mwenyewe akiwa hai, kinanuka kabati. Sikusubiri hata kufika nyumbani. Nilikifungulia kwenye kituo cha basi, upepo unanipindulia kurasa, mama mmoja wa Kigujarati pembeni yangu akanishikia upande mmoja kwa kidole bila kuniuliza ni nini. Mstari wa tatu. Sauti ya pili. Nondo za dirisha zilikuwa pale pale.

Fe.

Nilipiga kelele. Yule mama akauliza kwa Kiswahili chake cha Mombasa, "Habari nzuri ama mbaya?" Nikamwambia sijui. Lakini mwili wangu ulishajua, kwa sababu nilitembea kurudi nyumbani kwa miguu, basi nikaliacha lipite.

Saa nane mchana, huko kwetu saa kumi na moja jioni, nikampigia Baba kwenye simu yake ya mkononi. Nilisimama jikoni, kitabu kiko wazi juu ya jiko, moto umezimwa bila shaka.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona leo mapema, kwema huko?"

"Kwema. Baba, nina kitabu hapa. Cha yule aliyetunga Mia na Arobaini. Kilichapwa zamani, yeye akiwa hai."

Hakuuliza nimekipata wapi. Aliuliza jambo moja tu. "Mstari wa tatu. Sauti ya pili."

Kumbe naye hajawahi kuiacha nota ile.

"Ni fe, Baba."

Nikasikia redio ya jirani. Nikasikia anavuta pumzi. Nikaona nikinyamaza hapa sitasema tena maisha yangu yote, nikaendelea. "Na siku ile uliponiuliza, nilijua ni fe. Nilisema fa kwa ajili yako. Nisamehe, Baba."

Baba yangu ni mtu wa maneno mengi. Leo alisema moja.

"Imba."

Niliimba mstari wa tatu. Akasema rudia, nikarudia. Halafu akasema usikate simu, akamwambia Mama anatoka kidogo. Nikabaki nasikiliza hatua zake, anahema kwenye kile kilima cha kwetu, anajibu salamu za watu kwa mkato, jambo asilofanya kamwe. Nilijua anakokwenda. Nilikuwa nimeshika ukingo wa sinki kwa mkono mwingine.

"Hodi," akasema Baba.

Sauti ya ndani ilichelewa kidogo. "Karibu."

"Elieza, niliruka herufi. Mtoto anacho kitabu."

Nikasikia kelele za simu ikitoka mkono mmoja kwenda mwingine.

"Edina."

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Sauti yake imezeeka, lakini nimeitambua. Nikamwambia kila kitu, kwamba nilijua, kwamba nilimdanganya mbele za watu, kwamba naomba anisamehe. Aliniacha nimalize.

"Wewe ndiye uliyenifanya nisihame kanisa," akasema. "Kila tulipofika pale, wenzako wote waliimba fa, na wewe uliimba fe. Kwa chini chini, hakuna aliyekusikia. Mimi pale mlangoni nilikuwa nakusikia. Mpaka uliposafiri."

Sikujua. Nimekaa hapa nakumbuka Jumapili zote zile, na naapa sikujua.

"Haya," akasema, "sasa uiimbe kwa sauti."

Nilifungua dirisha, sijui kwa nini, nikaimba Mia na Arobaini yote kuanzia mstari wa kwanza, upepo wa Machi unaingia, watu wa dukani chini wanatazama juu. Mstari wa tatu ulipofika, upande wa pili wa simu waliingia wazee wawili, sauti ya tatu na ya nne, mmoja amechelewa na mwingine amepaa kidogo. Baba asingemvumilia mwanakwaya yeyote aimbe hivyo. Leo hakusema kitu.

Tumeagana. Wao wamebaki wanazungumza, na Mwalimu alikuwa anamwita mkewe alete kiti kingine.

Ila wote wawili wamenisisitiza niwaeleze vizuri, kwa barua, nimekipataje kitabu hicho na watu wa London wanauimbaje wimbo wetu. Nimetoa karatasi, nimeandika "Baba mpendwa," na Jumanne tuna mazoezi ya kuyumba.

Sasa hao walevi nitawaanzia wapi?