Maumivu Tuliyoyaita Chango

Mama yangu,

Shikamoo. Marahaba yako sitaisikia, lakini ulivyonilea, siwezi kuanza maneno nawe bila kukuamkia.

Nina habari za Zuhura, kitindamimba wako. Ila kwanza turudi soko la samaki, pale Bagamoyo, tulipokuwa tukikaanga mimi na wewe. Karai la moto mbele yako, jua utosini, jasho linakutiririka mpaka kanga inalowa, na maji hunywi. Nikikumiminia kikombe unakisukuma. "Maji ninywe, halafu nikajisitiri wapi?" Choo cha karibu hakikuwa na mlango. Ulishinda na kiu mpaka turudi Kaole jioni, ukala ugali wako kwa papa wa chumvi.

Maumivu yalipoanza yalikushika mgongoni upande wa kushoto, chini ya mbavu, yakateremka mpaka kinenani. Hukuweza kulala wala kukaa. Ulizunguka uani umejifunga kibwebwe, ukatapika, ukasema, "Nimewazaa nyote, sijaumwa hivi." Shangazi akasema ni chango, akachemsha mizizi. Yakatulia. Miezi ikapita, yakarudi, na mkojo ukawa mwekundu kama chai ya rangi. Tukadhani ni rangi ya ile mizizi.

Mara ya mwisho yalikuja na homa ya kutetemeka. Zahanati wakapima malaria, hawakuiona. Hospitalini ukapigwa altrasaundi, na daktari akatuambia, "Kuna jiwe limeziba njia ya mkojo. Figo imejaa usaha." Tukakimbizwa Dar. Walijitahidi kuzibua, lakini maradhi yalikuwa yameshaingia kwenye damu. Tukarudi nawe kukuzika.

Sasa Zuhura. Ameolewa Kiwangwa, analima mananasi. Mwaka huu, katikati ya mavuno, alinipigia simu analia.

"Dada, mgongo unakatika. Nimetapika mara mbili."

"Yamekaa pamoja, au yanakwenda na kurudi?"

"Yanakuja kama uchungu wa kuzaa, yanashuka huku kwenye kinena."

"Na mkojo?"

"Una damu."

"Una homa?"

"Sina."

"Usichemshe mzizi wowote. Mwambie mumeo atafute gari. Nawangojea hospitali."

Wakampima mkojo na damu, wakampiga picha. Jiwe dogo, limeshakaribia kibofu. Akachomwa sindano ya maumivu, akalala. Daktari, mwanamke mpole, akatueleza mimi na shemeji: mtu akitoka jasho sana na maji hanywi, mkojo unakuwa mzito, na chumvichumvi zilizomo zinagandana mpaka kuwa kokoto. Dogo kama lile huweza kutoka lenyewe. Kubwa huvunjwa au hutolewa. Maumivu yakija na homa, au mkojo ukikataa kutoka, hapo hakuna kungoja. Akasema Zuhura anywe maji mpaka mkojo uwe mweupe, apunguze chumvi, na nyama aile kwa kiasi.

Lilitoka baada ya siku chache, akalinasa kwenye chujio alilopewa la kukojolea. Akaniwekea kiganjani. "Hiki ndicho kilichoniliza?" Kidogo kuliko punje ya mchele, na kina miba. Tukakipeleka maabara kijulikane ni cha aina gani, maana waliopata jiwe mara moja huweza kupata tena.

Shemeji amejenga choo cha makuti kando ya shamba, chenye mlango. Dumu la maji linakaa kivulini, na Zuhura hutia ndimu ndani yake. Wanawake wanaovuna naye wanakunywa humo humo.

Mama, siku ya maziko yako sikulia. Kulikuwa na wageni, kulikuwa na khitma ya kuandaa, na wadogo zangu wote walikuwa wakinitazama mimi. Siku ile hospitalini, Zuhura alipolala ameshika mkono wangu, pumzi zake zimetulia, ndipo nilipolia, na kwa sauti. Muuguzi akaja mbio akidhani mgonjwa amezidiwa.

"Huyu hajambo," nikamwambia. "Namlilia mama."

Mola akulaze pema, akupanulie kaburi lako.

Ni mimi, binti yako mkubwa