Ua la Watu wa Reli

Baba, shikamoo.

Sina uso wa kukuamkia, lakini nimwamkie nani mwingine? Shangazi nimemficha. Mangi wa fremu ya jirani nimemdanganya, nimemwambia mambo safi. Nimekaa kwenye stuli yangu, kiti chako sijakikalia. Mlango uko wazi, Kariakoo inapita na mizigo yake kichwani kama kawaida, na mimi nakuandikia kwa kalamu nyuma ya karatasi ya oda, maana kompyuta sitaki hata kuitazama.

Maua yako yamepotea, Baba. Yote. Na aliyeyapoteza ni mimi.

Haya, nimelisema. Sasa nivumilie nikueleze lilivyotokea. Wewe ulikuwa humpendi mtu anayeanza na kilio, akamaliza na kilio, katikati hakuna habari.

Unakumbuka ulivyokuwa ukimpokea mteja? Mafundi wengine wa darizi mtaa huu wanamwekea mtu kitabu cha mitindo, chagua namba, lete kitambaa, njoo kesho. Wewe unamkalisha. Unamwagizia kahawa. Unamuuliza bibi yake aliitwa nani, babu yake alifanya kazi gani, wametokea Kilwa au Bagamoyo au hapahapa. Mimi nasonya huko nyuma, foleni inakua, wewe unachora tu kwa penseli. Mtu anaondoka na ua la ukoo wake, la shingoni mwa kanzu, na ua hilo humpi mtu mwingine hata akupe dunia. Mtoto wao wa kiume akija kuoa baada ya miaka kumi, unafungua boksi la michoro, unalitoa. "Maua ya watu ni amana," ulikuwa ukiniambia. "Amana haina 'nimesahau'."

Mimi kazi yangu ilikuwa kulifuata ua lako kwa kipanya, mstari kwa mstari, liingie kwenye kompyuta, mashine ilisome ishone. Miaka kumi na moja nimefuata mistari yako.

Halafu ukaja ule moto wa mstari wa nyuma yetu. Haukutufikia, lakini tulisimama barabarani tukiangalia watu wazima wanalia. Kesho yake ukaniuliza, "Na sisi je? Fremu hii ikiungua, maua ya watu nitawajibu nini?" Nikakwambia kuna huduma siku hizi, unalipia kila mwezi kidogo, kazi yako yote inakaa mtandaoni, kwenye makompyuta ya watu walio mbali huko, wenyewe wanaita wingu. Duka liungue, liibiwe, lizame, unanunua kompyuta nyingine, unaandika neno lako la siri, kazi inarudi. Ulicheka mpaka ukakohoa. "Bi Mkubwa," ukasema, maana dukani hukuwahi kuniita Rehema, "yaani kitu changu akae nacho mtu nisiyemjua hata kwao?"

Ikaja masika ile, maji yakaingia mpaka kwenye meza. Kompyuta ikafa. Boksi la michoro yako ya karatasi likawa uji, tukalizoa kwa koleo. Ulikaa pale pale mlangoni, suruali imelowa. Mimi nikaenda kununua kompyuta ya mkononi, nikaiwasha kwa Mangi, nikaandika neno la siri, na maua yakaanza kushuka. Moja moja. Ulikuwa umesimama nyuma yangu unayataja kwa majina: "Wale wa Tandika. Wale wauza chumvi. Hao wa reli, hao." Ulilia, Baba. Mangi akasema, "Mzee, huyu binti usimwoze." Na tangu siku hiyo ukawa hutunzi tena karatasi. Ukishachora, nikishalifuata, karatasi unaifungia kashata za Shangazi. Ulimhubiria kila fundi wa mtaa wa Gerezani habari za wingu, utadhani umeligundua wewe.

Ila kitu kimoja uliniomba. Ulisema ninunue na diski moja tuweke nakala nyumbani, kwenye sanduku lako la bati. "Ya mbali iwepo, na ya nyumbani iwepo." Mimi na ujuaji wangu nikakujibu, Baba, hayo mambo ya kizamani, unataka kurudi kwenye sanduku? Ningekuwa na mkono wa kurudisha maneno mdomoni ningeanza na hayo.

Sasa sikiliza. Ile wiki yako ya mwisho, ulipokuwa umelazwa kule Upanga, nilikuwa na oda ya sare za watoto wa madrasa. Asubuhi nashona, saa za kuona wagonjwa nakuja na uji. Ile Jumanne mashine ikagoma, kompyuta inasema imejaa. Naangalia saa, muda wa kukuona unakaribia, uji uko kwenye chupa, bajaji nimeshaiita. Nikaangalia kitu gani kikubwa humo ndani. Folda ya maua. Nikajisemea, si yapo mtandaoni? Haya ya hapa nayafuta, nikitulia nitayashusha tena. Kompyuta ikaniuliza nina uhakika? Nikabonyeza ndiyo. Jamani. Nikabonyeza ndiyo, nikafunga mlango, nikakimbia.

Siku hiyo ulikunywa vijiko vitatu. Uliuliza, "Dukani salama?" Nikasema salama.

Kile nisichokijua, mimi mtaalamu wako, ni kwamba zile sehemu mbili zilikuwa zimefungwa kamba moja. Ukiongeza kitu dukani, kule kinaongezeka. Ukifuta dukani, kule kinafutwa. Nilidhani nina nakala mbili kumbe nina moja inayoonekana sehemu mbili. Moto tuliujua, maji tuliyajua, mwizi tulimwekea makufuli matatu. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako.

Na bado hapo palikuwa na dawa, Baba. Hilo ndilo linaloniua. Wale watu wa mbali kitu kilichofutwa wanakiweka pembeni siku thelathini. Siku thelathini nzima ungeweza kubonyeza mara moja tu, maua yakarudi yote, wala usingejua kama yaliwahi kuondoka.

Ukafa Alhamisi.

Kariakoo watu wanafunga siku tatu, wanafungua. Wengine hata hazifiki tatu. Mimi nikasema sifungui mpaka arobaini ya Baba yangu isomwe. Hakuna aliyenilazimisha. Siku ya saba Shangazi aliniambia, "Mwanangu, kafungue, kaka yangu hakupenda mlango uliofungwa." Nikamjibu vibaya, mpaka leo naona haya. Nikamwambia kama yeye amekwisha kumlilia, mimi bado. Mangi naye alinipigia simu, eti dada, hata nusu siku tu upunge hewa. Nikakata simu. Nilikuwa najiona ndiye ninayekupenda kuliko wote.

Na siku ya tatu, pale matanga, simu ilikuwa inaingia pole mfululizo, pole Rehema, pole mpenzi, Mungu amlaze pema. Katikati ya pole hizo uliingia ujumbe wa Kiingereza: vitu vyako vingi vimefutwa kwa mkupuo, je, ni wewe? Niliuona. Nakuapia niliuona kwa macho haya. Nikaupangusa kwa kidole pamoja na pole nyingine, nikarudi kulia.

Ningekulilia kidogo, Baba, maua yangekuwepo. Siku saba tu zingetosha, hata ishirini. Nimekulilia arobaini nikayazika na wewe.

Nilifungua siku ya arobaini na moja. Nilifagia, nikafuta vumbi kiti chako, nikachoma udi. Mteja wa kwanza kuingia ni Bi Mwanahamisi, mjane wa mzee Shomari wa reli. Alikaa, akakulilia kidogo, akasema mwanawe wa mwisho anaoa na anataka ua la baba yake shingoni. Si jingine. Mzee Shomari kanzu ile alishonewa mara moja tu, alipomwoza binti yake, na alipofariki ikatolewa sadaka pamoja na nguo zake nyingine. Nani aijue ilipo? "Lakini sikuwa na wasiwasi," akaniambia. "Baba yako alimwahidi marehemu mbele yangu. Alimwambia, Shomari, ua lako likitakiwa, liko."

Nikasema ndiyo, mama, liko. Nikafungua kompyuta.

Sijui nikueleze vipi ule weupe. Nilifungua, nikafunga, nikafungua tena. Nikaingia mtandaoni kwa simu, weupe. Bi Mwanahamisi anasimulia habari za maharusi, mimi namwitikia ehe, ehe. Nikamwambia aache vipimo, likiwa tayari nitampigia. Akaondoka ananiombea dua.

Niliwaandikia wale watu wa mbali. Niliwaandikia mara nne. Niliwaambia Baba yangu amefariki, nilikuwa na msiba, sikuwa kazini, jamani siku kumi na kitu tu zimezidi. Walinijibu kwa adabu. Walinipa pole ya msiba. Wakasema muda ukipita kitu hakirudi, hata wao wenyewe hawawezi kukirudisha. Barua yao ya nne sikuijibu.

Familia nyingine nimeanza kuwatafuta. Ijumaa nasimama nje ya msikiti naangalia shingo za wanaume watu wazima, wananishangaa, nawaomba nipige picha kola zao. Nimepata maua tisa. Mengine kanzu zimechakaa, zimekwenda huko zinakokwenda nguo, hata Mchikichini nimezunguka nikipekua mafungu ya nguo kuukuu. Lakini la reli nilibakiwa na kitu kimoja tu, picha ya arusi ya yule binti yao, aliyoniletea Bi Mwanahamisi mwenyewe, eti nione mzee alivyopendeza. Shingo ya mzee Shomari humo ni ndogo kama ukucha, na picha imetikisika.

Nikakaa mchana nikalichora. Nilijipa moyo kwamba ua hili nimelifuata kwa mkono wangu, mkono utakumbuka. Haukumbuki, Baba. Mkono wangu unajua kufuata tu, na hakuna cha kufuata. Nilijua kuna mistari miwili inapanda pande zote za kifua, ndiyo reli. Nilijua kati ya mistari kuna vipande vya kukatiza, ndiyo mataruma, yale magogo yanayolala chini ya chuma, maana mzee Shomari alikuwa akiyatengeneza kwenye karakana ya reli ya Gerezani maisha yake yote. Juu linafunguka jani. Nilijua na mataruma yalikuwa na hesabu yake, ulimuuliza kitu ukaweka hesabu hiyo. Watoto wake? Miaka yake kazini? Nimeweka saba. Labda yalikuwa tisa. Labda jani lilielekea kushoto. Nimelitazama ua lile siku tatu, najua kuna kitu si chenyewe, na sikijui.

Nilidhani Bi Mwanahamisi ataligundua. Wallahi nilikuwa naomba aligundue, anipigie kelele, aniambie Rehema umefanya nini. Jana alikuja. Akaikunjua kanzu mapajani, akapitisha kidole kwenye reli polepole, kuanzia chini mpaka kwenye jani. Akaanza kulia.

"Ndilo lenyewe," akasema. "Mkono wa baba yako huu."

Nikamfungashia. Sikusema neno, Baba. Nimesimama mbele ya mjane, nimempa kitu changu nikamwacha akililie kama chako. Arusi ni Jumamosi. Mtoto wa watu ataoa na ua la kubuni, na watoto wake watakuja kulitaka, na hakuna hata mtu mmoja duniani atakayejua kwamba la kweli halipo. Ningekuwa na mtu mmoja wa kulisikitikia pamoja ningepumua. Niko peke yangu.

Nakuaga sasa, muuza kahawa anapita, na bado namwagiza vikombe viwili kwa mazoea. Ahadi nakupa moja, sina uso wa kuahidi zaidi. Arusi ikishapita nitakwenda nyumbani kwa Bi Mwanahamisi, nitakaa chini kwenye mkeka, nitamwambia. Akitaka kunifukuza anifukuze.

Na lile ua nililolichora nimelihifadhi, Baba, ulivyokuwa unataka. Liko dukani. Liko mtandaoni, na safari hii nimeuliza, nimehakikisha, hata nikilifuta hapa kule linabaki. Na nimenunua diski, nimeifunga kwenye kitambaa, nimeiweka kwenye sanduku lako la bati chini ya koti lako. Duka liungue, maji yaje, mimi mwenyewe nife, hilo halitapotea kamwe. Jina nililoliandikia ni "Si la Baba".

Mwanao,
Rehema