Vikombe vya Mpima, Kabla na Baada ya Kisu

Nyumbani,
Jumapili, tarehe 2 Novemba

Amepasuliwa, ametoka salama, yuko nyumbani, na leo amemaliza vikombe vyake vyote vya protini bila kushurutishwa na mtu! Nimelitanguliza hilo kwa sababu ningeanza na salamu ningepasuka mimi.

Mpendwa mdogo wangu,

Haya, sasa pokea salamu zangu nyingi, za moto, kutoka kwa dada yako. Hujambo huko uliko? Mgongo wako umepoa, au bado unainuka kitini kwa awamu? Shemeji yangu naye yu mzima? Sisi huku tu wazima. Baba Mpima ana kikohozi kidogo, ila nimegundua kinazidi kila akiona vyombo vichafu, kwa hiyo sina wasiwasi naye.

Najua umeshika kiuno unauliza nani kapasuliwa na kwa nini hukuambiwa. Ni mwanao Mpima, na usininunie. Yeye mwenyewe alinifunga mdomo. Alisema mama mdogo akijua atakesha na simu mkononi, na kila saa atataka kujua mgonjwa anaendeleaje. Nikaona hajasema uongo. Unajua mimi siri hunikaa mdomoni kama maji ya moto, lakini hii nimeishika miezi minne. Naomba nihesabiwe.

Tangu mwaka jana uzito ulikuwa umemlemea. Magoti yalianza kugoma, sukari ikaanza kupanda, usiku anavuta pumzi kama mtu anayekata mbao. Mtoto aliyesomea upimaji wa ardhi, anayeweza kutazama shamba kupitia kile chombo chake cha miguu mitatu akakwambia mpaka umepinda wapi, akawekwa ofisini achore ramani za ardhi waliyoipima wenzake. Hakulalamika. Alikuwa anarudi nyumbani anavua viatu na kukaa kimya, na wewe unajua ukimya katika nyumba yangu si jambo la kawaida. Alishajaribu kila namna ya kujinyima, kilo zikatoka zikarudi na wenzao. Mwisho madaktari wakamweleza habari ya kupunguzwa tumbo la chakula, akaenda akasoma, akauliza maswali mpaka daktari wa upasuaji akamtania kwamba anataka kumpima yeye. Akakubali.

Sasa sikiliza jambo ambalo sikulijua mimi niliyepika miaka ishirini na sita. Kabla ya kisu, mtu wa namna hiyo hukaa wiki mbili anakunywa tu vinywaji vya protini na supu nyepesi ya maji. Sababu ni ini. Ini likiwa na mafuta huvimba na kulifunika tumbo, daktari hapati nafasi ya kufanya kazi yake kwa usalama. Likinyimwa sukari na mafuta linasinyaa. Na baada ya kisu vinywaji hivyo hivyo ndivyo vinavyofunga vidonda na kulinda misuli, maana tumbo lililobaki ni jembamba, halipokei sahani. Hayo yote tulielezwa na dada wa lishe wa hospitali, binti mwembamba mpole ambaye mimi nimempa jina la Bibi Gramu. Hawezi kutaja chakula bila kutaja gramu zake.

Basi tukanunua kopo kubwa la unga wa vanila, kubwa kama ndoo ya rangi. Hapo ndipo tulipokosea mara ya kwanza. Mpima alikoroga, akanywa funda moja, akatazama ukuta. Nilionja na mimi. Mdogo wangu, ni kama mtu amelowanisha chokaa akaipulizia manukato. Madonge yanaelea, povu juu, na ule utamu wa uongo unaobaki kooni mpaka jioni. Siku ya pili nikamkuta anamwaga kwenye sinki huku amefungua bomba nisisikie.

Mimi moyo uliniuma. Unanijua. Wafanyakazi mia mbili na kumi wa kiwanda cha sabuni wanakula kwa mkono wangu kila siku, na sahani zinarudi zimefutwa utadhani zimeoshwa. Leo mwanangu mwenyewe amwage nilichomtayarishia? Nikapiga moyo konde nikasema unga huu utanyweka. Nikatia ndizi mbili. Nikatia siagi ya karanga. Nikatia asali, kisha maziwa mazito ya kopo, yale ya kubandika kijiko. Nikasaga. Mpima akanywa kikombe, akaomba cha pili. Nilijisikia kama nimepewa cheti.

Siku ya tisa tulikwenda kwa Bibi Gramu. Mimi sikwenda mikono mitupu, nilibeba chupa ya chai imejaa kile kinywaji, nimpe aonje, ikiwezekana awafundishe na wengine. Mpima akapanda kwenye mizani. Badala ya kupungua alikuwa ameongezeka kilo moja na nusu. Bibi Gramu akauliza taratibu anakunywa nini, na mimi, kwa fahari zangu zote, nikafungua chupa nikamimina nikamtajia kila kitu kilichomo. Alionja kidogo tu, akaweka kikombe chini.

“Mama,” akasema, “ni kitamu sana. Umempikia keki ya kunywa.”

Upasuaji ukasogezwa mbele wiki tatu. Tena yule daktari wa upasuaji akasema wazi kwamba ini lisiposinyaa hata safari hiyo, atamfuta kwenye orodha na kumwanzisha upya, na orodha yenyewe ni ndefu. Nilishuka zile ngazi za hospitali sijui naweka mguu wapi. Ile chupa ilikuwa nzito kama tofali. Nilingoja mwanangu anikaripie, na angekuwa na haki. Tulipofika kituoni akaketi kwenye benchi akanishika mkono.

“Mama, mimi nilijua,” akaniambia. “Nilijua hakiwezi kuwa kitamu hivyo kikawa dawa. Nikanyamaza kwa sababu nilikuwa na njaa.”

Tulilia kidogo, tukacheka kidogo, watu wanatutazama. Kisha tukapatana. Yeye asinyamaze tena, na mimi nisitie kitu ndani ya kikombe ambacho hakijaandikwa na Bibi Gramu.

Nikarudi kwake peke yangu, na daftari. Nilimwambia kwamba mwanangu nitamfundisha kunywa, lakini mimi nifundishwe kwanza. Akacheka, akanifundisha kusoma ubavu wa kopo. Usitazame picha ya mbele, ile ni ya kukushika macho. Zungusha nyuma, tazama kila kipimo kina protini gramu ngapi. Kwa Mpima alitaka ishirini au zaidi, na sukari isizidi gramu tano. Na usinunue kopo kubwa, nunua pakiti ndogo ndogo za ladha mbalimbali, kwa sababu baada ya kisu ulimi hubadilika, unachokipenda leo waweza kukichukia kesho.

Nikanunua pakiti za aina sita. Siku iliyofuata, kantini ilipotulia baada ya chakula cha mchana, nikapanga vikombe sita mezani, nimevibandika namba, nikawaita wafanyakazi waonje. Nilitaka ndimi za watu wasionihurumia. Na hawakunihurumia. Msimamizi wa mtambo, yule mwenye kitambi na sauti ya honi, alionja namba tatu akafumba macho.

“Mama, hii ipeleke kule mtamboni,” akasema. “Itakatwa vipande, ipigwe muhuri, iuzwe. Inatoa povu kuliko yetu.”

Walicheka mpaka mmoja akapaliwa na namba tano. Lakini walinisaidia. Aina mbili zilishinda. Moja ni unga usio na ladha yoyote, haujifanyi vanila wala nini, nao nilikuwa nimeukorogea kwenye supu ya kuku iliyochujwa, yenye chumvi kidogo na tangawizi. Ya pili ni ile inayoyeyuka ikawa maji maangavu yenye ladha ya limau, ukiinywa baridi hujui kama ina protini. Nikamkumbuka Mpima alipokuwa mdogo, wenzake wakililia peremende yeye analamba chumvi. Miaka yote hii nilikuwa namtilia sukari mtu wa chumvi.

Sasa hapo ndipo upishi wangu ulipopata kazi. Unga ule ukiutupa kwenye supu ya moto unaganda kama yai. Kwa hiyo naukoroga kwanza na maji baridi mpaka uwe laini kama rangi, halafu naumimina kidogo kidogo kwenye supu ya vuguvugu, ile unayoweza kutia kidole bila kuruka. Kisha nachuja kwa chujio langu la matundu madogo, naacha povu litulie, maana povu ni gesi na gesi ni maumivu. Naukoroga polepole, siupigi. Bibi Gramu alionja akaniuliza kama naweza kumwandikia. Nimemwandikia, kwa mwandiko wangu huu huu. Nasikia ameubandika ukutani, ingawa sijaenda kuhakikisha zaidi ya mara mbili.

Wiki mbili hizo za mwisho Mpima hakumwaga hata tone. Kilo sita zikaondoka. Ijumaa ya tarehe ishirini na nne alipelekwa chumba cha upasuaji saa mbili asubuhi, mimi na baba yake tumekaa kwenye viti vya plastiki vya bluu. Baba yake alisoma gazeti moja saa tatu nzima, na nilipolitazama niliona amelishika juu chini. Mlango ukafunguliwa. Daktari akatujia akiwa bado na kofia, akanitazama mimi, si baba yake.

“Ini lilikuwa limesinyaa vizuri,” akasema. “Nimefanya kazi kwa nafasi. Mmefanya kazi yenu, na mimi nimefanya yangu.”

Maneno hayo nimeyakariri, na usishangae nikiyarudia kwako kwenye simu.

Nisikufiche, siku zilizofuata hazikuwa rahisi. Alirudi nyumbani Jumapili iliyopita, na ile supu ya tangawizi niliyojivunia akaigeuzia uso. Harufu yake tu ilimchafua roho. Akitaka maji, yanamkwama. Bibi Gramu alipiga simu kila asubuhi, akasema asipofikisha vinywaji vyake atarudishwa wodini atundikiwe dripu. Jumanne alifikisha nusu tu. Jumatano midomo ilimkauka, akasema amechoka, hataki kuona kikombe. Mdogo wangu, mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye kopo la asali. Nililishika. Kisha nikalirudisha, nikafunga kabati, nikaenda nje kuanika nguo ambazo zilikuwa zimeshakauka.

Nikiwa pale kambani ndipo nilipofikiri. Kikombe kinamtisha kwa sababu ni kikubwa, naye amekatazwa kugugumia, kila funda linataka subira. Basi isiwe kikombe. Nikachukua yale maji ya protini ya limau, nikayagandisha kwenye trei ya barafu, nikampigia Bibi Gramu kumwuliza kabla sijatoa hata kimoja. Akakubali, akasema avunjevunje vipande vidogo, aviache viyeyuke mdomoni, na tuandike idadi. Nikampelekea Mpima vipande vitatu kwenye kijisahani. Akaweka cha kwanza, akafumba macho. Nikasubiri akunje uso. Hakukunja. Akanyoosha mkono kuchukua cha pili.

Alhamisi akafikisha robo tatu. Ijumaa vivyo hivyo, na sharubati ya protini ya limau kidogo kwa kijiko. Jana alitembea ukumbini mara kumi huku akihesabu hatua kwa sauti, hawezi kuacha kazi. Na leo, saa kumi jioni, ameniita jikoni anionyeshe karatasi yake. Mistari yote imejaa, gramu zote sitini za siku zimetimia, na amepiga mstari chini yake kwa rula. Midomo yake imerudi kung'aa. Sauti yake imerudi pia, ameshanisahihisha mara mbili leo jinsi ninavyotamka “protini.” Hatari ile ya kurudishwa wodini imepita, Bibi Gramu kasema hivyo mwenyewe.

Na wewe, mgongo wako ukikupa sababu ya kupunguza kilo mbili tatu, usichukue haya yangu ukayatumia. Nenda kwa mtaalamu wako, kila mwili una karatasi yake. Nimejifunza kwa aibu, wewe jifunze kwa barua.

Nisalimie sana shemeji, na mwambie dada yake kwamba kitambaa alichonitumia nimekishona na kimenikaa vizuri kuliko nilivyotegemea. Nisalimie kaka yetu mkubwa, mjomba wa Mpima, akinuna kwamba hakuambiwa mwonyeshe mstari niliosema nimefungwa mdomo. Wabusu watoto wako wote, wakubwa kwa wadogo, hata yule mwenye ndevu. Mungu awape afya, awape hamu ya chakula na kiasi cha kukila, na awalinde njiani.

Maana njia mtaishika. Daktari amesema wiki ya tano, mambo yakienda hivi, Mpima ataketi mezani na kula yai laini kwa uma kama watu. Hilo nataka mlione kwa macho yenu. Msilete keki, msilete maziwa ya kopo, mlango nitausimamia mwenyewe. Leteni viti viwili vya kukunja na maneno mazuri.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na ambaye kitanda chako nimeshakitandika. Tunawasubiri nyote Jumamosi, tarehe ishirini na tisa mwezi huu, saa saba mchana.