Udongo wa Tuta Lako

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Natumaini barua hii itakukuta mguu umeanza kukutii, na mpwa wangu anakuachia japo kuchambua mchele, maana najua kukaa bure kunakuuma kuliko huo mfupa. Sisi tu wazima. Mke wangu anakohoa kidogo, ila si kikohozi cha kumzuia kusema.

Bustani ya mtaa inaendelea. Pasheni zimepanda uzio mpaka zimeingia dirishani kwa fundi cherehani, naye anasema kilichoingia kwake ni chake. Mwenyekiti bado anakagua kila mwisho wa mwezi, mikono nyuma, kama vile bilinganya zitampigia saluti. Sheria yake haijalegea: tuta likikutwa tupu, linapewa anayefuata kwenye orodha. Safari hii aliyefuata alikuwa Dereva mstaafu, ambaye kila asubuhi alipita akitazama matuta yetu kama mtu anayechagua suti.

Uliniachia tuta lako na maneno matatu: mwagilia, palilia, usibuni. Mawili ya kwanza niliyashika. Ila nilikuwa nimesoma kijitabu kinachosifu samadi ya kuku. Kilisema pia iozeshwe miezi mitatu, lakini ukurasa huo niliufikia baadaye. Niliimwaga mbichi. Siku ya nne miche yako yote ya nyanya ilikuwa imeungua. Nikapanda mchicha, nao ukaungua. Mke wangu akaniuliza kama nalima au nachoma mkaa. Ilikuwa imebaki siku moja kabla ya ukaguzi.

Sasa dada, kaa vizuri. Mwenyekiti, unamjua, husoma vibao kuliko anavyotazama mimea. Asubuhi ya ukaguzi niliving'oa vibao vyetu. Chenye jina lako nikakichomeka kwenye tuta langu lililojaa hoho. Changu nikakipeleka kwenye lile janga. Kwa hiyo wewe bado una tuta, tena umesifiwa mbele ya watu. Aliyenyang'anywa ni mimi. Lakini udongo ule uliouchekecha miaka sita, ukitoa changarawe kwa mkono, umekwenda kwa Dereva. Nilikuokolea kibao, nikakupotezea udongo.

Sikuweza kukaa nalo. Nilimfuata Dereva nikamweleza yote. Alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Kisha akakubali tubadilishane udongo, kwa sharti moja: nisimshauri tena habari ya mbolea maisha yake yote. Mvua zimeshaipoza ile samadi. Kila siku kabla ya kazi nabeba ndoo sita za udongo wako kuuleta kwenye tuta lenye kibao chako, na kurudisha sita za wangu, kipande kwa kipande kadiri hoho zinavyovunwa. Jana nilifika ndoo ya mia na mbili. Mwenyekiti aliniuliza nafanya nini. Nikamwambia nahamisha udongo. Akasema haya, mradi vibao visiguswe.

Zimebaki kama themanini. Mgongo umepeleka malalamiko, sijayajibu. Nitamaliza kabla hujaachiwa na daktari, hata nikibeba kwa sufuria.

Msalimie mpwa wangu na watoto wote. Siku utakayorudi, anza na tuta kabla hujanisalimu. Uushike udongo, uusugue vidoleni. Ukikuta changarawe, hiyo ni yangu. Niite nije niitoe.

Mdogo wako asiyesikia,
Profesa wa Samadi