Moshi wa Babu Yako

Salaam aleikum, mjukuu wangu Halima. Mama yako Amina ni mzima, na mbuzi wetu wa Garbatulla wamezaa pacha. Unauliza kama kweli marehemu babu yako ndiye aliyeniozesha kwa Mzee Guyo.

Nilipojifungua mama yako, babu alifukiza mwenyewe kibuyu cha maziwa kwa moshi wa kuni ili maziwa yanukie, kazi ya wanawake. Alizidisha moshi, maziwa yakawa machungu, majirani, Guyo akiwemo, wakayaonja wakacheka sana. Alipofariki nilikitundika kibuyu kile, sikukifukiza tena. Guyo aliponiposa, nilikataa.

Asubuhi moja nilikishusha nikipanguse vumbi. Kilikuwa na joto, kinanukia moshi wa sasa hivi, na nyumbani nilikuwa peke yangu.  Nikatia maziwa, nikampa Guyo alipopita, bila kumweleza chochote.

Akakohoa. “Mama Amina, nani amefukiza hiki? Uchungu huu ni wa marehemu tu.”

“Basi kunywa,” nikamwambia. “Amekukaribisha mwenyewe.”

Alikunywa chote, machozi yakimtiririka. Sasa tumeoana, na akiingia mlangoni moyo wangu unaruka kama wa msichana. Kibuyu nakifukiza mimi, na maziwa ni matamu. Ule uchungu haujarudi.

Nyanya yako akupendaye